Mtungi Uliozikwa Haupasuki

Dolgogae, 20 Novemba 1971

Mdogo wangu Pan-dol,

Huku hatujambo. Wewe uliye chini ya ardhi ya Wajerumani natumai hujambo pia, na kwamba siku hizi unanawa miguu kabla ya kupanda kitandani. Mal-suk ametimiza miaka kumi na miwili na ameanza kunijibu. Kkeut-nim ana saba, meno ya mbele yameng'oka, akisema anapiga mluzi. Kaburi la baba nimelifyeka. Mbwa wako amenenepa kuliko sisi sote, maana yeye hana ukoo wa kumsumbua.

Wiki hii tumetia kimchi ya majira ya baridi, ichachuke mitungini. Kabichi mia na ishirini kutoka shamba la juu, kila moja nimeipanda kwa mkono wangu, na figili vikapu sita. Majirani walikuja kusaidia kama ada, na mikono ikatuvimba kwa pilipili na chumvi hata hatukuweza kukunja ngumi. Mitungi mitano ya kimchi nimeizika nyuma ya jiko mpaka shingoni. Kwenye jukwaa la mawe kuna mingine sita: mchuzi wa soya, rojo la soya, rojo la pilipili, figili za chumvi, dagaa wa chumvi, na Mtungi Mama. Majani ya figili yananing'inia chini ya upenu, viazi vitamu viko shimoni. Dukani sinunui ila chumvi na kiberiti.

Sasa nikueleze kwa nini naihesabu mitungi kama askari wa zamu. Tangu mume wangu Gil-man afariki, mdogo wake Du-man amekuwa akisema shamba la juu ni la ukoo, kwa kuwa mimi nimezaa wasichana tu na hakuna wa kuwasujudia wazee waliotangulia. Anataka aliuze anunue lori. Mwezi uliopita Baba Mkubwa wa ukoo alituita mbele ya wanaume wote. Akasema, "Jeom-rye akijilisha yeye na wanawe mpaka shayiri ivunwe, bila kuomba hata bakuli moja kwa mtu, shamba ni lake. Akiomba, hata mara moja, ni la Du-man." Wanaume wakacheka. Du-man akanigeukia: "Shemeji, mwezi wa pili utakuja kwangu na bakuli lako. Nitakutilia mate."

Nikamjibu, "Yaweke hayo mate, utayahitaji ya kumezea." Nadhani nilikosea, maana alinikamata kisogo akanibamiza uso kwenye nguzo ya baraza, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Pua imepona. Usianze kupiga kelele.

Kang wa Namwon anarudi mgodini kwenu, nimempa chupa moja ya mchuzi wa Mtungi Mama akuletee. Unaujua mtungi huo. Mama mkwe aliupokea kwa mama mkwe wake, vizazi vitano sasa, kila mwaka tunaongeza mpya juu ya wa kale na haujakauka hata siku moja. Tia kijiko kimoja tu kwenye supu. Hiyo si soda.

Dada yako,
Jeom-rye


Bwenini, 14 Desemba 1971

Dada Jeom-rye,

Nimepokea barua, nimepokea chupa, nimelia kidogo, sasa nimekaa sawa. Waambie watoto Mjomba ni mzima. Waambie huku jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo mimi niko mita mia nane chini, kwa hiyo halinihusu. Kkeut-nim apige mluzi anavyotaka, akiota meno mengine atanyamaza.

Na mimi nimetia kimchi! Usicheke. Kabichi za huku ni nyeupe na ngumu kama kichwa cha msimamizi wetu, na pilipili yao haiwashi hata jicho. Lakini nimezika chungu uani, nyuma ya banda la baiskeli, na tangu jana naila hiyo kimchi kidogo kidogo na wali. Siku ninayoila silipi chakula cha kantini. Kuna jirani yangu mmoja hapa ghorofani, Horst, tunafanya naye zamu moja. Anasema uani kunanuka maiti. Nimemwambia kwa Kijerumani changu cha maneno arobaini, "Hii chakula yangu, wewe mbali." Amecheka, lakini si kicheko kizuri.

Sasa pua. Dada, mtu akikubamiza uso kwenye nguzo mbele ya ukoo mzima, huandiki mistari miwili ukahamia kwenye chupa. Akufukuzaye hakwambii toka, na Du-man hata hajisumbui kuficha. Atarudi. Huku chini nimejifunza kitu kimoja: nguzo ya mgodi ikianza kulia, husubiri iseme mara ya pili. Weka mchi wa kutwangia soya karibu na mlango. Akija, mpige goti. Si kichwani, unanisikia? Goti.

Mdogo wako,
Pan-dol


Dolgogae, 5 Januari 1972

Pan-dol mdogo wangu,

Barua yako imetumia siku kumi na tisa. Mwaka wenu wa kalenda ni mpya, wetu bado. Hatujambo. Theluji imefika magotini. Nimeshatwanga soya na kufinyanga matofali kumi na nane, yananing'inia chumbani kwa kamba za majani ya mpunga na yameota ukungu mzuri, mweupe. Chumba kizima kinanuka miguu yako.

Mitungi mitatu ya kimchi imepasuka kwa baridi. Tuliyoweza kuokota tuliokota, tukaiosha, tukaichemsha na majani ya figili. Mchanga kidogo husafisha meno. Tunakula mara mbili kwa siku na inatosha.

Mbwa wako amekufa. Mal-suk ameteleza kwenye barafu akavunjika mkono, nimemfunga kwa vipande vya mwanzi, anaendelea vizuri. Sasa hanijibu tena. Du-man hupita hapa mara kwa mara kutujulia hali.

Usiniulize mengi. Mafuta ya taa ni machache na mkono wangu una baridi.

Jeom-rye


24 Januari 1972

Dada,

Samahani kwa mwandiko. Mkono wa kulia umebanwa na mashine, naandika kwa wa kushoto. Si kitu.

Mtungi uliozikwa haupasuki kwa baridi. Ndiyo maana tunauzika! Mama alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kuhesabu. Udongo unaushika shingoni, kimchi haigandi, mtungi haupasuki. Mitatu? Kwa mara moja? Dada, mimi ni mchimba makaa, si mjinga.

Nani alimuua mbwa? Barafu ipi iliyomvunja Mal-suk mkono, na ilikuwa imeshika nini? Niandikie ukweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakifunika nguo juu.

Chupa yako iko salama. Nimeifunga kwa shati, nimeiweka kabatini. Usitume barua bwenini tena, tumia anwani ya Kang. Wamenihamisha chumba.

Pan-dol


Dolgogae, 22 Februari 1972

Pan-dol,

Umetaka ukweli, basi kaa chini. Salamu utazipata mwishoni zikibaki.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa mtoni nafua. Du-man akaja mchana kweupe na nondo. Alianza na mbwa. Kisha akafukua mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaipiga yote. Mal-suk akajilaza juu ya wa nne. Akampiga nondo mkononi. Niliporudi nilikuta kimchi imetapakaa uani na mwanangu ameukumbatia mfuniko kwa mkono mmoja, ule mwingine umegeuka upande usiofaa. Nilikudanganya kwa sababu ungefanya nini ukiwa huko? Ungepiga mtu.

Asubuhi ya Mwaka Mpya wetu, wiki iliyopita, akaja tena, na mkewe yule wa Namwon na watoto wao, wote wamevaa meupe. Nyumba ya mkubwa ndiyo nyumba ya ibada ya marehemu, sikuweza kumfungia mlango. Nilipika supu ya vitumbua vya mchele kwa mchele wa mwisho. Du-man akamsujudia baba yake, akamsujudia mama yake, akamsujudia Gil-man. Akanywa kikombe cha wazee. Akavaa viatu, akachukua sululu yangu mwenyewe chini ya baraza, akaenda kwenye jukwaa la mawe.

Alianza na mchuzi, akaja rojo la soya, akaja pilipili, figili, dagaa. Nilisimama mbele ya Mtungi Mama. Akanipiga mbavuni kwa mpini, nikakaa chini bila kupenda. Ule mtungi ulihitaji mapigo mawili. Mchuzi mweusi ukatoka, ukateremka juu ya theluji mpaka langoni, na harufu yake ikaenda nyumba kwa nyumba. Yule wa Namwon akapiga kelele, "Baba watoto, inatosha! Ni mtungi wa mama yako!" Akamjibu, "Bado yale yanayoning'inia!"

Akaingia chumbani kuyatafuta matofali ya soya. Kkeut-nim alikuwa ameyashika kwa mikono miwili, ananing'inia nayo kama nyani. Du-man akamng'oa, akamtupa ukutani. Nikaona damu inatoka sikioni mwa mwanangu. Mchi ulikuwa mlangoni, pale pale uliponiambia niuweke.

Ulisema goti. Nilipiga taya. Nikasikia linavyovunjika na nikafurahi, nakuambia wazi. Nikapiga tena. Akaenda kinyumenyume, akavuka baraza, kisogo kikatua kwenye jiwe la kuvulia viatu. Hajasema neno tangu siku hiyo. Upande wake wa kulia wote umekufa. Hawezi kutafuna.

Yule wa Namwon alichukua watoto akapanda basi la mchana. Maneno yake ya mwisho: "Umemvunja wewe, kaa naye wewe." Polisi hawakuitwa. Baba Mkubwa alisema mambo ya ukoo humalizwa na ukoo. Akatazama vigae, akamtazama Du-man, akatoa hukumu: "Aliyemvunja ndiye atakayemlisha. Na lile la shamba liko pale pale. Bakuli moja, Jeom-rye. Ukiomba bakuli moja tu." Basi sasa vinywa ni vinne, na nimebaki na mitungi miwili ya kimchi, viazi na majani makavu. Nadhani hata angetaka, Du-man asingepata silaha nzuri kuliko tumbo lake mwenyewe.

Matofali ya soya yamesalia yote kumi na nane. Mchuzi hutiwa Siku ya Farasi ya mwezi wa kwanza wa kalenda yetu, na ukichelewa sana, ya mwezi wa tatu. Bila ya ule wa kale ni maji ya chumvi tu, hayana nguvu, na bila mchuzi majani ya figili hayaliki. Nitumie ile chupa. Kama umeitumia, tuma nusu. Tuma hata kijiko.

Kkeut-nim anasikia kwa sikio moja. Anakusalimu.

Dada yako


19 Machi 1972

Dada yangu,

Barua yako Kang kaniletea hapa. Hapa ni gerezani. Karatasi hii ni yao, ndiyo maana ina mistari.

Hakuna mashine iliyonibana mkono. Siku barua yako ya mitungi mitatu ilipofika, niliisoma jikoni, chupa iko mezani mbele yangu. Nilijua ni yeye. Nikatoka uani kuvuta hewa, chupa mkononi, sijui hata kwa nini niliibeba. Nikamkuta Horst na wenzake wawili wamefukua chungu changu, wanakimwaga chooni, wamebana pua, wanacheka. Dada, sikumwona Horst. Nilimwona Du-man. Nilimpiga kwa chupa usoni, ikapasuka, nikampiga tena kwa kilichobaki. Mchuzi wa mama mkwe wako ulimtiririka shingoni pamoja na damu. Harufu ilinijia ya nyumbani, nikaendelea kupiga. Amepoteza jicho moja.

Yule mtu hakuvunja mtungi wako. Alichukia harufu tu. Hasira hasara, nilifundishwa nikiwa mtoto na nikacheka. Nimefungwa mpaka mwisho wa Mei, kisha wananirudisha nyumbani. Nilikudanganya chupa iko kabatini kwa sababu hakuna kitu kingine nilichokuwa nimebakiwa nacho cha kukupa.

Sasa nisikilize, na barua hii uichome. Ana taya bovu, hawezi kutafuna, hawezi kusema. Unamlisha kwa kijiko. Punguza kijiko. Leo robo, wiki ijayo robo. Watu watasema alikufa kwa kuanguka. Chakula cha wanao kitafika kwenye shayiri. Hakuna polisi wa kijiko, Dada. Mtu huyu amekuja kukuua kwa njaa, mwache afe kwa silaha yake.

Pan-dol


Dolgogae, 28 Aprili 1972

Pan-dol,

Mal-suk amefunguliwa mwanzi, mkono umepinda kidogo lakini unashika jembe. Kkeut-nim ameota meno. Tunakwenda mlimani kuchuma majani mwitu, na shayiri imefika kiunoni, bado ya kijani. Majirani wengine nao wamemaliza akiba, wanachemsha magome. Mtungi wa mwisho wa kimchi tumeukomba kwa kidole.

Nilipoisoma barua yako nilikutukana mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Vizazi vitano vya mchuzi vimeishia kwenye jicho la Mjerumani! Kisha nikacheka mpaka mbavu zilizovunjika zikanikumbusha. Kisha nikamfikiria yule Horst, na sikucheka tena.

Lakini Siku ya Farasi ilifika kabla ya barua yako, na sikungoja. Niliuendea Mtungi Mama ulipolala kwenye theluji. Unakumbuka ulivyokuwa kila kiangazi, chumvi inachanua nje ya tumbo lake kama ukungu? Mtungi wetu unapumua. Nikasema, kama chumvi inatoka, mchuzi umo humo ndani ya udongo. Niliokota vigae vyote, nikavisugua, nikavichemsha siku mbili kwenye sufuria la kufulia. Maji yakawa rangi ya chai, halafu rangi ya farasi, halafu yakaanza kunuka mama mkwe. Nikatia chumvi, nikatia matofali ya soya, makaa na pilipili kavu, nikabandika soksi ya karatasi kichwa chini kwenye mtungi wa kuazima kufukuza mabaya. Ndiyo, mtungi nimeazima. Baba Mkubwa alisema bakuli, hakusema mtungi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimeyazoa.

Sasa lile jingine. Nilifuata ushauri wako. Siku tisa.

Siku ya kwanza nilimpa vijiko kumi badala ya kumi na viwili. Siku ya tano sita. Siku ya nane vitatu. Macho yake yalikuwa yanakifuata kijiko kinavyorudi bakulini. Alijua. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza pumzi yake ikipungua, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa msichana, Pan-dol. Sikujua nina moyo wa namna ile. Niliwapa watoto kilichobaki wakala, na Kkeut-nim akasema, "Mama, leo unaimba."

Siku ya tisa nikafungua mchuzi mpya, nikapika supu ya majani ya figili, nikampa kijiko kimoja. Kimoja tu. Hakumeza haraka. Aliufumba mdomo wake mbovu, akakaa na mchuzi ule ulimini. Kabla hajameza, Baba Mkubwa akaingia na wanaume wanne, bila kubisha hodi.

Akamtazama Du-man alivyokonda, akanitazama. Akainama karibu yake: "Mwanangu, mwanamke huyu anakushibisha? Kama unashiba, inamisha kichwa. Kama anakunyima, funga macho, na leo hii yeye na wanawe wanaondoka katika nyumba hii."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Sikuweza hata kukiweka chini. Mal-suk alisimama nyuma yangu. Du-man alinitazama. Kisha akainamisha kichwa. Mara mbili, kama alivyowasujudia wazee.

Sijui kwa nini. Labda ni ladha ya mama yake. Labda aliona aibu. Hawezi kusema, na mimi sitauliza. Lakini ule mwinamo wa kichwa umeniuma kuliko nguzo, kuliko mpini wa sululu. Walipoondoka nilimtukana matusi yote ninayoyajua, nikiwa nalia, huku namlisha. Alikula vijiko kumi na vinane. Mimi siku ile sikula.

Barua yako nimeichoma. Usiniandikie tena neno kama lile.

Jeom-rye


24 Mei 1972

Dada,

Wameniachia jana. Kang amenipa suti yake, mikono mifupi. Nimeomba kumwona Horst kabla ya kuondoka, mkewe amenifungia mlango, na ana haki. Napanda ndege tarehe saba Juni, nitashukia Seoul kwa dada yake Kang, anwani yake iko nyuma ya bahasha, nikae wiki mbili, kisha nakuja huko.

Umeniambia nisiandike neno lile tena, sawa, siandiki. Lakini mikono yangu ina maoni yake. Wewe umeshindwa kwa sababu una huruma. Amemvunja mpwa wangu mkono, amemharibu mwingine sikio. Kuinamisha kichwa mara mbili si malipo. Nikifika, nenda shambani na watoto, nyumbani niachie mimi.

Pan-dol


Dolgogae, 12 Juni 1972

Pan-dol,

Natuma barua hii kwa dada yake Kang, uisome Seoul kabla hujapanda gari. Pole na safari. Natumai hujambo. Sisi hatujambo.

Shayiri tumevuna juzi. Baba Mkubwa alikuja na wanaume wake, nikawapa kila mmoja bakuli la shayiri mpya na supu ya mchuzi wangu. Sikuomba mimi, nimewapa mimi. Alikunywa supu mpaka chini, akalitazama bakuli tupu, akasema kwa kuuelekeza mdomo uani, "Shamba la juu ni la Jeom-rye." Hakuna aliyecheka. Vitunguu saumu nimevianika, soya nimeshazipanda, na mfinyanzi ananitengenezea mtungi mpana. Nimempa vile vigae avisage, avichanganye na udongo wake.

Du-man anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mguu umeanza kusogea. Mganga anasema ikifika siku ya kupanda kabichi ataweza kushika jembe. Sijui atalifanyia nini hilo jembe. Sijamsamehe, na mchi nalala nao. Usidhani nimekuwa mtawa.

Lakini wewe ukija na ngumi, rudi zako Seoul, nitakutumia kimchi kwa posta. Hasira zetu sisi wawili zimeshakula taya moja na jicho moja. Nilipokuwa na mitungi kumi na mmoja sikuwa na nguvu ya kuilinda, ikavunjwa mmoja mmoja mpaka ikabaki miwili. Mtu huyu nimemlisha siku mia na kumi na nane, kijiko kwa kijiko, kwa chakula nilichokitoa midomoni mwa wanangu, na siku tisa katika hizo nilitaka kumuua na sikumuua. Naye ni akiba yangu sasa. Kitu nilichokihifadhi kwa taabu kiasi hicho, Pan-dol, hakuna mtu atakayenivunjia tena, hata wewe.

Kkeut-nim anakungoja barabarani kila siku. Msemeshe upande wa kushoto.

Ukipita sokoni, leta chumvi.

Dada yako,
Jeom-rye